Mvinyo wa Mapovu Katika Wodi ya Wazazi

(Hotuba ya Ndugu Pantaleo Lubisha, Mratibu wa Miradi Maalum ya Tarafa, mbele ya wananchi wa kijiji cha Nyambubele, njia ya kwenda Ushirombo, kiangazi cha mwaka 1984.)

Ndugu Mwenyekiti wa Kijiji, Ndugu Katibu wa Tawi, Ndugu Wajumbe wa Nyumba Kumi mlioketi kwa utaratibu na ninyi mlioketi bila utaratibu, Ndugu Bwana Shamba, Ndugu Bwana Mifugo, Ndugu Bwana Pamba ambaye namwona amesinzia lakini itifaki inanitaka nimtambue akiwa katika hali yoyote, Mheshimiwa Katekista unayemwakilisha Baba Paroko, Ndugu Bartholomeo, Ntemi yaani mkuu wa Sungusungu, walinzi wetu wa jadi, pamoja na vijana wako wenye pinde, ambao ningewaomba kwa unyenyekevu mkubwa mishale itazame chini, Ndugu walimu, Ndugu wanafunzi mliotolewa darasani kwa faida yenu wenyewe, Ndugu wageni waalikwa ambao hawakufika, mabibi na mabwana, Mwangaluka!

(Watu: "Mwangaluka!" Sauti ya mwanamke: "Ufunguo!")

Ahsanteni sana kwa mapokezi hayo ya kishindo. Nimesikia kuna aliyetaja ufunguo, na napenda kumhakikishia kwamba suala la ufunguo limo katika ajenda, chini ya mengineyo, na kwamba ufunguo wenyewe uko salama kabisa, umo mfukoni mwangu, mfuko wa ndani, ambao nao una kifungo. Nimearifiwa pia kwamba Euphrasia, mke wa Ndugu Eustace mchimbaji wa Rwamgasa, amehudhuria mkutano huu akiwa amelala juu ya mkokoteni wa ng'ombe, na kwamba ameshikwa na uchungu tangu alfajiri. Napenda kutamka kwa niaba ya Tarafa kwamba Serikali inautambua uchungu huo, inaufuatilia kwa karibu sana, na itautolea tamko.

(Minong'ono. Scolastika, mkunga wa zahanati, anasimama: "Mtoto hangoji tamko, Ndugu Mratibu. Tufungulie wodi.")

Tafadhali keti, Mama Scolastika, hotuba haikatizwi. Ndugu wananchi, wapo kati yenu waliotoka mbali na hawajui tumekusanyika kwa jambo gani, na wapo wa hapa hapa ambao hawajui vilevile, hivyo nitaanza na usuli. Mtakumbuka kwamba wakati wa masika yaliyopita walipiga kambi hapa kwetu Waitaliano wapimaji wa barabara, wakiongozwa na bwana mmoja mnene, mcheshi, aitwaye Renzo. Lori lao likazama kwenye mbuga, matope hadi kwenye milango, nanyi kwa moyo wenu wa kizalendo mkalivuta kwa maksai, mkawapa na maziwa ya mgando. Walipoondoka, Bwana Renzo akawaachieni zawadi, na nasisitiza neno zawadi kabla hamjalisisitiza ninyi: kreti kwa kreti za mvinyo mweupe wa kwao Italia, wenye mapovu, chupa nene, kizibo kimefungwa kwa waya.

Sasa, hapa Nyambubele sisi ni Wakatoliki wa tangu babu, na mvinyo tunaoujua ni ule ulioko altareni. Wazee wakazitazama zile chupa, wakavua kofia. Bibi mmoja akapiga goti mbele ya kreti, akajifanyia ishara ya msalaba. Mkutano wa kijiji ukakaa ukasema, divai si kitu cha kunywa mtu akiwa na maganda ya karanga mdomoni, hii lazima ina mwenyewe, ama ni Kanisa ama ni Serikali. Na kwa kuwa Baba Paroko alikuwa safarini, Serikali, yaani mimi, ikakubali kwa shingo upande kubeba mzigo huo. (Kicheko nyuma.) Sioni cha kuchekesha hapo.

Swali likawa, kreti zihifadhiwe wapi? Kijiji kizima kilikuwa na chumba kimoja tu chenye bati, saruji na mlango wa mninga, nacho ni wodi ya wazazi, mliyoijenga kwa mikono yenu, tofali mkifyatua wenyewe, akina mama wakibeba maji ya udongo vichwani. Tukaweka humo mvinyo kwa muda, na kufuli juu yake.

(Scolastika: "Muda gani huo? Mvua imeondoka, pamba imevunwa, wanawake wanazalia ghalani!")

Ghala la pamba, ndiyo, na ahsante kwa kunikumbusha, kwa sababu ni moja ya mafanikio ambayo sikuyapanga. Pamba yetu ni laini, ni ya daraja la kwanza, na mtoto anayepokelewa juu ya zao la biashara anaanza maisha akiwa tayari mkulima. (Wanawake: "Yaya! Yaya! Hapana!") Tulieni. Tulieni tuendelee.

Sasa niingie kwenye kiini. Wataalamu wanatuambia kwamba taifa haliwezi kujitegemea kwa chakula kama halijui kinywaji gani kinakwenda na chakula gani. Kwa msingi huo, Ofisi yangu ilibuni Mradi wa Pailoti wa Utafiti wa Ulinganifu wa Mvinyo wa Mapovu na Vyakula vya Asili, kwa kifupi MPUUMMVA, jina ambalo nakiri ni gumu kulitamka lakini limewapa usingizi mnono wafadhili. Mradi una fizibiliti stadi, una kodinesheni, una fesi, na uliendeshwa na Kamati Ndogo ya Kitaalamu yenye wajumbe wawili, mimi na Bwana Pamba, pamoja na dereva wangu Anatoli kama mwangalizi asiye na haki ya glasi.

Mvinyo wenyewe ni wa namna gani? Bwana Renzo alituambia ni mkavu kidogo, kauli iliyozua mjadala mkali katika Kamati, kwa maana hatukuelewa kitu cha majimaji kinakuwaje kikavu. Tulipouonja tukaelewa. Ukiuita mtamu, unakukatalia. Ukiuita mkali, unakukatalia vilevile. Una utamu wa kuonjesha tu, halafu unajirudi wenyewe. Ndugu zangu, huu ni mvinyo usiofungamana na upande wowote, na kwa hiyo unaafikiana kikamilifu na sera ya nchi za nje ya nchi yetu. (Makofi ya Bwana Pamba peke yake. Anasinzia tena.)

Kikwazo cha kwanza kilikuwa joto. Wodi ile ina bati, na bati la Nyambubele mchana mnalijua. Chupa zikapata hasira zenyewe kwa zenyewe, mchana mmoja vizibo vikaanza kuruka, pa! pa! pa! kama magobore, na Ntemi Bartholomeo akajua tumevamiwa na wezi wa ng'ombe kutoka upande wa msitu. Wallahi sitausahau mchana ule. Kufumba na kufumbua wodi ikazungukwa na vijana wenye pinde, manyoya vichwani, filimbi zinalia, nami niko ndani na Bwana Pamba tumejificha chini ya kitanda cha kuzalia, tukiwa tumelowa mvinyo hadi kwenye soksi. Nawapongeza Sungusungu kwa utendaji ule. Hata hivyo wakati mwingine gongeni hodi.

(Bartholomeo, taratibu: "Siku ile ulituambia mlikuwa mnahesabu dawa.")

Tulikuwa tunahesabu, Ntemi, ila dawa ilikuwa inapungua. Twende mbele. Tukatatua tatizo la joto kitaalamu: chupa zikatumbukizwa ndani ya mitungi ya wodi, ile iliyochangwa na akina mama kwa ajili ya maji ya wazazi, mitungi ikafunikwa magunia yaliyoloweshwa, ikawekwa penye upepo. Matokeo yalizidi matarajio. Hapa niseme wazi kwamba akina mama wa kijiji hiki mna mitungi mizuri mno, na ningeomba muendelee na moyo huo huo.

Matokeo ya utafiti ni kama ifuatavyo. Mvinyo huu na michembe: hapana. Kiazi kina utamu wake, mvinyo una wake, wakikutana wanagombana na anayeumia ni tumbo. Mvinyo na ugali mtupu: hakuna upande uliojali. Mvinyo na mlenda: jaribio lilivunjika kwa sababu glasi iliteleza. Mvinyo na maziwa ya mgando: naomba nisiulizwe, na Bwana Pamba naye asiulizwe. Lakini mvinyo na karanga za kukaanga zenye chumvi, hapo asilimia tisini na saba nukta nne ya Kamati iliridhika. Mvinyo na dagaa wa ziwani waliokaangwa na pilipili kichaa: unaweka dagaa mdomoni, moto unawaka, macho yanatoka, unapiga funda moja la mvinyo wa baridi, na ule utamu wake mdogo unaupoza ule moto pole pole, bila kuuzima wote, unabaki na joto la kutosha tu kukufanya unyooshe mkono tena kwenye sahani.

Na hebu niweke karatasi chini kidogo, nizungumze kama mtu. Kuna sato. Sato mzima, ametoka upande wa Geita asubuhi, amekaangwa mpaka ngozi inalia menoni, ndimu juu, chumvi juu. Mafuta yake yanakaa kinywani yamejaa tele, halafu unakunywa, na yale mapovu yanapita yanasafisha, yanasafisha, mdomo unakuwa mpya, unakula tena kana kwamba ndiyo kwanza unaanza. Ndugu zangu, nimekuwa mtumishi wa umma tangu nina nywele zote. Nimekula kwenye semina, nimekula kwenye makongamano, nimekula kwa niaba yenu katika wilaya nyingi. Sijapata kula vile. Nilitaka kulia, nilimtazama Bwana Pamba, naye alikuwa tayari analia. Ilikuwa raha, na naona haya kusema ilikuwa raha kiasi gani.

(Euphrasia, kutoka mkokotenini, kwa sauti nyembamba: "Mlikulia wapi huyo sato, baba?")

Swali zuri. Palikuwa na uhaba wa meza. Kitanda cha kuzalia kina kimo kizuri, kina tandiko la plastiki linalofutika, tukakitumia kama… kama sehemu ya infrastrakcha.

(Zogo. Eustace, mume wa Euphrasia, anapita mbele ya umati akiwa na nyundo na tindo ya kuvunjia mwamba. Anaamkia wazee, anasimama mbele ya jukwaa: "Shikamoo, mzee. Naomba ufunguo. Mke wangu anateseka.")

Marahaba, Ndugu Eustace, marahaba sana. Kijana mwenye adabu. Nakuomba uirudishe hiyo nyundo ilikotoka, kwa sababu ndani ya wodi ile zimo sampuli, na sampuli haziruhusiwi kuonana na hewa ya nje. Ukifungua mlango leo, utafiti wa taifa unaharibika, Waitaliano watasema nini? Badala yake nakuomba usikilize ahadi za fesi ya pili, ambazo wewe na mkeo na huyo anayekuja mtafaidi kwa pamoja.

Katika fesi ya pili, Samuye itapandwa mizabibu kutoka barabarani hadi upeo wa macho, na ng'ombe watafundishwa kuipisha. Nyasubi, pale Kahama, patajengwa kiwanda cha vizibo kitakachoajiri vijana kwa zamu. Kule kwenu Rwamgasa, ambako mtu akishapata dhahabu anaitupia kwenye bia ya moto na kelele, patakuwa na mgahawa wa kisasa wenye vitambaa vya meza, na mchimbaji atapanda kutoka shimoni na vumbi lake, atanawa, ataketi, ataulizwa: mzee, leo dagaa au sato? Hayo ndiyo maendeleo. Nasema hivi nikiwa sina shaka yoyote, na mtu asiye na shaka…

(Euphrasia anapiga kelele. Mkokoteni unatikisika. Scolastika anamwendea, anampapasa tumbo, ananyanyuka uso umebadilika: "Mtoto ametanguliza miguu! Nataka kitanda, nataka maji, nataka kivuli! Sasa hivi! Huyu nikimzalisha juani nitazika wawili!")

Naomba utulivu. Naomba, naomba… Mama Scolastika, nakuelewa, lakini ungeliweka kimaandishi…

(Bartholomeo, Ntemi wa Sungusungu, anasimama. "Ndugu Mratibu, sheria yetu unaijua. Ng'ombe akiibwa, tunapiga mwano, ukelele wa hatari, na mwano ukilia hakuna anayebaki ameketi, awe mzee, awe mgonjwa wa mafua, awe kiongozi. Asiyekimbia anachinja dume la ng'ombe. Wala hakuna aliyesema mwano ni wa ng'ombe peke yake. Hapa kuna chumba kilichoibwa. Tulikijenga wenyewe, tumekitafuta tangu masika, na nyayo zake zinaishia hapo ulipokanyaga.")

Ntemi, ngoja kwanza. Ntemi, chumba hakiibwi, chumba kipo pale pale, kila mtu anakiona…

(Bartholomeo anaweka kiganja mdomoni, anapiga mwano. Filimbi zinajibu pande zote. Uwanja mzima unanyanyuka kwa pamoja: wajumbe, walimu, wanafunzi, katekista ameshika kanzu magotini. Vijana wanne wanaubeba mkokoteni mzima mzima, na Euphrasia juu yake. Wote wanakimbilia wodini.)

Ndugu wananchi! Mkutano haujafungwa! Kwa mujibu wa kanuni, mkutano unafungwa na aliyeufungua! Bwana Pamba, nawe? Nilidhani umelala! Bwana Pamba, rudi, wewe ni mjumbe wa Kamati! Anatoli, baki hapo kwenye gari. Anatoli? Haya, nenda, nenda, nitahutubia mbuzi.

Kwa ajili ya kumbukumbu, naomba ieleweke kwamba naendelea kuhutubia, na kwamba kipaza sauti hiki kinafika hadi wodini, hivyo kisheria bado mnanisikiliza. Ninaona kutoka hapa jukwaani kwamba Ndugu Eustace anapiga kufuli. Ndugu Eustace, kufuli hilo ni mali ya Tarafa! Anapiga tena. Kijana ana mkono. Kufuli limeanguka. Napenda kutangaza, basi, kwamba kwa mamlaka niliyopewa nimeufungua mlango wa wodi ya wazazi rasmi leo hii, na naomba makofi.

(Hakuna makofi. Sauti ya Scolastika kutoka wodini: "Chupa zote tupu! Miiba ya samaki mpaka kitandani! Toeni hivi vitu nje! Wanawake, futeni kitanda! Maji, leteni maji!" Chupa zinaanza kurushwa uani.)

Hizo chupa tupu, Ndugu wananchi, ndizo matokeo. Utafiti wowote uliokamilika unabakiza chupa tupu, na mradi ambao chupa zake zimejaa ni mradi uliozembewa. Taratibu na hiyo ya mwisho, Mama Scolastika, bado ina funda moja, nilikuwa nimeliweka akiba kwa ajili ya… basi, imeshapasuka. Imeshapasuka. Potelea mbali.

Kwa nini mmenyamaza hivyo? Ntemi, mbona vijana wamevua manyoya? Eustace, mbona umechuchumaa hapo mlangoni, kijana wangu? Kuna nini huko ndani? Jamani, mtu anijibu, mimi pia ni mzazi. Nina wanne nyumbani. Scolastika! Mama Scolastika, nakuomba, nakuamkia shikamoo hapa mbele ya mbuzi, sema neno moja tu, amepona? Nilijua atakuja mtu na tumbo siku moja. Nilijua. Kila tulipofungua chupa nilisema kesho nitairudisha wodi, halafu kesho analetwa sato.

(Kofi dogo. Kisha mtoto analia. Wanawake: vigelegele. Scolastika: "Wa kike! Na mama yake anapumua!")

Ahsante. Ahsante, Mungu wangu. Ngoja nifute uso. Kipaza sauti hiki kinashika kila kitu.

(Bartholomeo kutoka ua wa wodi: "Ndugu Mratibu, mwano ulilia na wewe hukukimbia! Ni dume la kuchinja, na mpaka utakapolileta hakuna nyumba ya Nyambubele itakayokupa moto, maji, wala salamu!")

Nimeipokea hukumu, Ntemi, na nitaitekeleza kwa fesi. Samahani, ulimi umezoea. Nitaitekeleza.

Sasa namalizia kwa shukrani, maana hotuba bila shukrani haijafungwa hata kama haina wasikilizaji. Naishukuru Wizara, ambayo kwa kuwa hatukuiandikia hata siku moja haikupata nafasi ya kutukatalia. Nawashukuru wafadhili wetu wa Italia, ambao mimi na Bwana Pamba tuliwapata tukiwa tumeketi kwenye kitanda cha wazazi, kati ya dagaa na sato, na ambao mpaka leo hawana habari kwamba wanatufadhili. Nawashukuru wataalamu wa fizibiliti stadi kwa kutozaliwa. Naishukuru fesi ya kwanza, iliyokuwa chakula cha mchana, na fesi ya pili, niliyoibuni nikiwa njiani kuja hapa, tulipopita lile shimo kubwa la barabarani na Anatoli akaniuliza, mzee, leo utawaambia nini. Mizabibu idumu! Vizibo vidumu! Kilimo cha kufa na kupona! Mnaitikiaje? Haya, msiitikie.

Na mwisho kabisa nakushukuru wewe, binti uliyetanguliza miguu kuja kwenye mkutano wangu. Nimesoma kurasa nyingi leo, na katika yote niliyoyataja kwenye kipaza sauti hiki tangu asubuhi, wewe peke yako ndiye uliyepo kweli.

(Vigelegele wodini. Mbuzi mmoja anapanda jukwaani na kuanza kula hotuba.)